Kabla Hujamkabidhi Fundi Kompyuta za Ofisi

Matangazo ya kazi yanayotufikia chuoni yanafanana sana. "Anahitajika fundi wa kompyuta na mtandao. Awe na diploma, uzoefu wa miaka miwili, mwaminifu na mchapakazi." Ukimpigia simu mwenye tangazo ukamuuliza fundi huyo atakuta kompyuta ngapi, mtandao umejengwaje, na nani ameshika nywila ya ruta (kifaa kinachogawa intaneti ofisini), mara nyingi anakosa jibu. Hasara nyingi zinaanzia hapo. Mkuu wa shule au meneja wa SACCOS anaajiri mtu atakayeshika funguo za ofisi nzima, lakini kwenye usaili anamuuliza habari za mashine tu.

Mashine ikiungua utanunua nyingine. Kumbukumbu za mikopo ya wanachama, alama za wanafunzi, mafaili ya wagonjwa, hivyo havipatikani Kariakoo kwa bei yoyote. Kwa hiyo unapoajiri fundi, pima kwanza namna anavyolinda vilivyomo ndani ya mashine, na kama atakuachia wewe funguo zako. Ustadi wa bisibisi una thamani yake, ila unafuata baada ya hayo mawili.

Ninawaandikia hasa wenye ofisi ndogo na za kati: shule, zahanati, hoteli, SACCOS, maduka ya jumla. Mashirika makubwa yana idara za TEHAMA zenye watu wa kusimamia mambo haya. Ninyi wengine mnamtegemea mtu mmoja, na mtu huyo mnampata kwa kuelekezwa na jirani.

Hesabu ulicho nacho kwanza

Kabla ya kuandika tangazo, chukua daftari uzunguke ofisini. Andika kila kompyuta, umri wake kadiri unavyokumbuka, printa, swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao), ruta, kamera za CCTV, UPS (betri ya kushika umeme ukikatika). Andika mtandao unaingia kwa njia gani, faiba au laini ya simu, na akaunti ya huduma hiyo ipo kwa jina la nani. Andika programu zinazobeba kazi yako: ya uhasibu, ya matokeo, ya wagonjwa. Kazi hii huchukua nusu siku, na ikishakwisha utajua unamhitaji mtu wa aina gani.

Ofisi yenye kompyuta kumi na printa mbili haihitaji mwajiriwa wa kudumu. Itamlipa mshahara mtu ambaye siku nyingi atakaa bila kazi, na baadaye atapangiwa kupiga chapa barua na kupokea wageni. Ofisi hiyo inahitaji mkataba wa huduma: fundi anafika mara mbili kwa mwezi kukagua, na akiitwa kwa dharura anafika ndani ya saa zilizokubaliwa. Ukiwa na kompyuta hamsini, seva (kompyuta kuu inayohudumia nyingine), Wi-Fi ya wageni na kamera za ulinzi, hapo unahitaji mtu wa kila siku. Shule jirani zinaweza pia kushirikiana kumwajiri fundi mmoja akagawiwa siku. Mpango huo ni mzuri, ili mradi ratiba iandikwe, kwa sababu bila ratiba shule yenye mkuu mkali ndiyo itakayommeza fundi wiki nzima.

Jambo jingine ambalo waajiri hulipita: kutengeneza kompyuta na kuendesha mtandao ni kazi mbili. Yupo fundi anayeweza kulehemu kipande kidogo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwa mkono usiotetemeka, lakini ukimwambia atenganishe mtandao wa wahasibu na wa wageni hajui pa kuanzia. Yupo wa mtandao ambaye hajawahi kufungua kompyuta mpakato akabadilisha kioo. Ofisi ndogo inamhitaji anayejua vya kutosha pande zote mbili, na anayejua mahali ujuzi wake unapokomea. Kwenye usaili muulize ni kazi gani huwa anawapelekea mafundi wengine. Anayesema anafanya zote mwenyewe, mwogope.

Vyeti vinasema nini

Kwa Tanzania, fundi aliyepita VETA atakuwa na cheti cha ngazi ya I, II au III. Aliyepita vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET atakuwa na tuzo ya NTA. Ngazi ya 4 na ya 5 ni vyeti, ngazi ya 6 ni stashahada. Waliosoma VETA kwa kawaida wamegusa vifaa zaidi, na wa stashahada wamesoma nadharia zaidi ya mitandao na mifumo. Kwa kazi ya ofisi ndogo sioni sababu ya kung'ang'ania stashahada kama aliye mbele yako ana ngazi ya III na anakuonyesha kazi yake. Tume ya TEHAMA nayo husajili wataalamu wa fani hii, kwa hiyo si vibaya kumuuliza mwombaji kama amesajiliwa.

Vyeti vya kimataifa vinavyohusu kazi hii ni CompTIA A+ kwa vifaa na msaada kwa watumiaji, Network+ na CCNA kwa mitandao. Hapa soma kwa makini. Watu wengi huandika "CCNA" kwenye wasifu baada ya kumaliza kozi ya akademia ya Cisco, kampuni inayotoa cheti hicho. Kozi hiyo ni nzuri, ila cheti cha kuhudhuria kozi ni kitu kimoja, na kufaulu mtihani wa CCNA ni kingine. Mtihani wenyewe unafanyika chini ya usimamizi, cheti chake kina namba inayohakikiwa mtandaoni, na hudumu miaka 3 kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Mwombe mwombaji akuonyeshe uhakiki huo papo hapo kwenye simu yake. Aliyefaulu atakuonyesha kwa furaha.

Na ukiandika tangazo, usiandike "kijana wa kiume". Bado ninaona maneno hayo, na yananiumiza, kwa sababu baadhi ya wanafunzi wetu makini kabisa kwenye kufuatilia chanzo cha tatizo na kuandika kumbukumbu ni mabinti. Kebo hazipitishwi darini kwa nguvu za kifua.

Mpe tatizo umtazame

Maswali ya mdomo yanapima kidogo sana. Mwenye maneno mazuri atajibu yote. Mwandalie tatizo halisi ukae pembeni umwangalie, hata kama wewe mwenyewe si mtu wa kompyuta, kwa sababu utakachokiangalia ni mwenendo wake.

Tatizo moja ambalo ofisi yoyote inaweza kuliandaa ni hili. Chagua siku ambayo watumishi wengine hawapo kazini. Chukua ruta ndogo ya nyumbani iliyokaa kabatini, uiwashe, uchomeke kebo kutoka swichi ya ofisi kwenye mojawapo ya matundu yake ya kawaida, si lile la kuingizia intaneti. Uifiche nyuma ya meza au juu ya kabati. Sasa zima kompyuta chache uziwashe tena. Baadhi zitapata mtandao kama kawaida na nyingine zitakosa. Sababu ni kwamba ofisini kuna ruta mbili, na kila moja inagawa anwani, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao, kwa kompyuta zinapowaka. Iliyojibiwa na ruta halali inaendelea na kazi. Iliyojibiwa na ruta ya kabatini inaelekezwa mahali pasipo na intaneti. Tatizo hili hutokea kweli, na mara kwa mara: mtumishi anataka Wi-Fi iwe na nguvu chumbani kwake, ananunua kifaa, anakichomeka, kesho yake nusu ya ofisi haina mtandao na hakuna anayehusisha mambo hayo mawili.

Mwite mwombaji umwambie tu, "Hii kompyuta haipati intaneti." Kisha nyamaza.

Fundi mzuri ataanza na maswali. Tatizo limeanza lini? Wengine wanapata? Kuna kifaa kipya kimeongezwa? Baada ya hapo ataangalia taa ndogo za tundu la kebo nyuma ya mashine, zinawaka au hapana. Atafungua lile dirisha jeusi la maandishi aandike amri ya ipconfig asome namba ya anwani. Namba ikianza na 169.254, atajua kompyuta imeomba anwani ikakosa wa kuijibu. Ikiwa ni 192.168.0 na kitu, atasogea kwenye kompyuta ya jirani inayofanya kazi, atakuta kule ni 192.168.10 na kitu, na hapo uso wake utabadilika. Atasema, "Humu ndani kuna ruta nyingine." Ataanza kufuata kebo, au kuchomoa moja moja kwenye swichi hadi ajue ipi inakwenda wapi. Akiipata, hatakufokea wala kumsema mtu. Atakuuliza nani aliiweka na kwa nini, kwa sababu pengine chumba kile kweli hakipati Wi-Fi.

Asiyefaa atazima na kuwasha. Atachomoa na kuchomeka. Kisha atasema swichi imekufa inunuliwe nyingine, au tupige Windows upya. Umeshapata jibu lako, tena bila kulipa swichi.

Jaribio la pili halihitaji maandalizi. Mweke mbele ya kompyuta inayokwenda taratibu umuulize angefanya nini. Ukisikia "kupiga Windows" kabla hajaangalia kitu chochote, kuwa macho. Kompyuta huwa nzito kwa sababu nyingi: diski ya kuzunguka iliyozeeka, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 inayobebeshwa programu za leo, vumbi lililoziba feni hadi prosesa inapunguza kasi ili isiungue, virusi. Fundi wa kweli atapima afya ya diski kwanza, kwa programu kama CrystalDiskInfo ambayo ni ya bure na inasoma taarifa ambazo diski yenyewe huzihifadhi kuhusu makosa yake. Ikionyesha njano au nyekundu, kazi ya kwanza ni kunakili data, mengine yote yanasubiri. Kupiga Windows kwenye diski inayokufa ni kuandika juu ya mafaili ya mteja kwa kutumia nguvu za mwisho za diski hiyo.

Muulize pia: diski ikiwa inatoa mlio wa kugonga-gonga, unafanyaje? Jibu linalotakiwa ni kuizima mara moja. Kila dakika inapozunguka, kichwa cha kusomea kilichoharibika kinaweza kukwaruza uso uliobeba data. Anayesema ataijaribu jaribu kwenye kompyuta nyingine huenda akakutia hasara kubwa.

Swali moja la siku hizi linawatenganisha vizuri walioendelea kusoma na waliosimama. Kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 husimba diski nzima zenyewe, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo, mara nyingi mwenye mashine akiwa hana habari. Fundi akibadilisha mazabodi au kugusa mipangilio fulani ya ndani, mashine inawaka na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku mashine ilipowekwa mara ya kwanza. Kama akaunti hiyo ilikuwa ya mtumishi aliyekwishaacha kazi, mafaili yako yamekwama. Fundi anayejua kazi atakuuliza habari za ufunguo huo kabla hajashika bisibisi.

Kebo, umeme na mashine za mtumba

Kama unamwajiri akujengee mtandao, usiishie kumuuliza bei kwa kila tundu. Muulize aina ya kebo. Sokoni kuna kebo zilizoandikwa Cat6 ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Ni nyepesi, ni rahisi, na zinakatika zikikunjwa mara chache. Njia ya kuitambua ni rahisi: kata kipande, vua ganda, kwaruza uzi kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Alumini inaonyesha weupe. Fanya hivyo boksi likiwa halijatumika, si baada ya kebo kuzikwa ukutani.

Urefu nao una kikomo. Kebo hizi zimekusudiwa mita 100 jumla, na mafundi makini hupanga mita 90 ukutani na darini, mita 10 zibaki kwa vipande vya kuunganishia pande mbili. Ukiona fundi anavuta kebo moja kutoka ofisi ya mhasibu hadi bweni upande wa pili wa uwanja, mwulize ametumia mita ngapi. Ndani ya kebo kuna nyuzi 8 katika jozi 4, na lazima zipangwe kwa mfuatano uleule wa rangi kila upande. Jozi moja ikikosa kugusa vizuri, mtandao wa gigabiti unaweza kushuka kimyakimya hadi megabiti 100. Kila kitu kinafanya kazi, ila taratibu, na unailaumu kampuni ya intaneti bure. Ndiyo maana kipimo cha kebo kiwe sehemu ya makabidhiano, na kila kebo iandikwe lebo pande zote mbili. Kabati la swichi lenye kebo hamsini zisizo na lebo linamfanya fundi anayefuata atumie siku nzima kutafuta tundu moja, na siku hiyo unailipa wewe.

Kwenye Wi-Fi muulize atatumia chaneli zipi. Katika masafa ya 2.4 GHz, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Fundi aliyefunga vifaa vitatu vyote kwenye chaneli moja amevifanya vipigiane kelele. Usalama uwe WPA2 au WPA3, na wageni wawe na mtandao wao usiofika kwenye kompyuta za kazi.

Umeme sitausemea sana. UPS yenye betri iliyokufa haina kazi. Betri hizo huchakaa ndani ya miaka michache na zinahitaji kubadilishwa kwa ratiba. Nyumba isiyo na waya mzuri wa ardhi (earth) itaendelea kuunguza vifaa hata ukibadilisha mafundi kila mwaka, na hilo ni la fundi umeme, si la fundi kompyuta.

Mashine za mtumba ni habari ndefu zaidi, kwa sababu ofisi nyingi hununua kwa ushauri wa fundi. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na kwa prosesa za Intel kwa ujumla inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo zile kompyuta mpakato nzuri za i5 kizazi cha 6 zinazouzwa kwa bei ya kuvutia hazimo kwenye orodha ya Microsoft. Fundi anayekushauri ununue ishirini za hizo kwa ajili ya maabara ya shule, bila kukueleza jambo hilo, hajakutendea haki. Pengine bado utaamua kuzinunua, ukaweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwa wanafunzi wa kujifunza kuandika na kuhesabu. Ni uamuzi halali ukifanywa ukiwa unajua.

Muulize pia leseni anazipata wapi. Bado ni kawaida fundi kuwasha Windows na Office kwa programu za kuvunja leseni, na ili programu hizo zifanye kazi humwambia mteja azime antivirusi kwanza. Fikiria maana yake: umezima mlinzi ili umwingize mtu usiyemjua, ukampa mamlaka yote ya mashine. Programu hizo zimekuwa mojawapo ya njia za kuingizia virusi vya kuiba nywila. Kwa ofisi inayofanya malipo ya benki kwa mtandao, hatari hiyo ni kubwa kuliko gharama ya leseni.

Funguo zibaki kwako

Katika utafiti uliotolewa mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipeleka kompyuta mpakato kwenye maduka ya matengenezo, zikiwa na hitilafu ndogo ya sauti isiyohitaji kufungua faili lolote. Ndani yake waliweka mafaili na picha za watu wa kubuni, pamoja na programu ya kurekodi kila kilichofanyika. Kumbukumbu zilionyesha kwamba katika maduka sita mafundi walifungua mafaili binafsi ya mteja, na katika mawili kati ya hayo walinakili data kwenye kifaa chao. Mashine zilizoonekana kuwa za wanawake ndizo zilizopekuliwa zaidi. Hayo yalikuwa maduka rasmi ya kibiashara, katika nchi yenye sheria kali za faragha.

Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kwa lugha nyepesi: taarifa za wagonjwa, wanafunzi na wanachama ulizozikusanya ni dhamana yako, na ukimkabidhi fundi mashine yenye taarifa hizo, dhamana haihami. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti na zinahitaji uangalifu wa ziada. Kwa hiyo mkataba wa fundi uwe na kifungu cha kutunza siri, useme wazi kwamba hatanakili data ya ofisi kwenye vifaa vyake bila idhini ya maandishi, na kwamba diski mbovu haiondoki ofisini. Diski ikishindwa kufanya kazi leo, mwenye vifaa sahihi anaweza kuisoma kesho. Ibaki kabatini hadi iharibiwe mbele ya shahidi. Pale inapowezekana, matengenezo yafanyike hapohapo ofisini. Ikibidi mashine itoke, diski itolewe kwanza.

Halafu nywila. Katika kazi yetu ya kushauri ofisi, tatizo linalojirudia kuliko mengine ni kwamba ruta, kamera, barua pepe ya ofisi, hata jina la tovuti, vyote viliandikishwa kwa namba ya simu na barua pepe binafsi ya fundi. Wakati mwingine hakuwa na nia mbaya, alitaka kazi iishe haraka. Lakini siku mkikosana, au akipata kazi mkoa mwingine, au akifariki, ofisi inakuwa mpangaji kwenye nyumba yake yenyewe. Fungua barua pepe moja ya taasisi kwa ajili ya usajili wa vifaa na huduma, na namba ya simu inayomilikiwa na taasisi. Kila kitu kisajiliwe huko. Fundi apewe akaunti yake ya usimamizi yenye jina lake, na nywila ya akaunti kuu ikae kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Bahasha hiyo ifunguliwe mara moja kila robo mwaka kujaribu kama nywila zilizomo bado zinafanya kazi, maana bahasha yenye nywila za zamani ni karatasi tu.

Programu za kuingia kwa mbali kama AnyDesk na TeamViewer zinasaidia sana, fundi anatatua jambo akiwa njiani. Zisiachwe zikifanya kazi usiku na mchana kwa nywila ya kudumu. Aliye ofisini akubali kila anapoingia, na aone anachofanya.

Usasishaji wa vifaa uandikwe kuwa sehemu ya kazi yake, kwa sababu ni kazi isiyoonekana na ndiyo huachwa kwanza. Ruta za MikroTik zimeenea sana kwenye ofisi zetu. Aprili 2018 kampuni hiyo ilitoa marekebisho ya dosari iliyowawezesha wadukuzi kuchukua nywila za ruta. Miezi michache baadaye ruta zaidi ya 170,000 duniani zilikuwa zimetekwa na kutumika kuchimba sarafu za kidijitali, wakati marekebisho yalikuwepo na ni ya bure. Mwaka mmoja kabla, Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza kupitia dosari ambayo Microsoft ilikuwa imeitolea dawa tangu Machi. Walioumia wengi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimesasishwa.

Malipo na mkataba

Ukimlipa fundi kwa kila hitilafu peke yake, umempa riziki inayotegemea mashine zako kuharibika. Hata mwaminifu hatakuwa na sababu ya kupoteza muda kuzuia. Mlipe kiasi cha mwezi kwa ukaguzi na matunzo: kusafisha vumbi, kusasisha, kukagua nakala rudufu (nakala za akiba za data), kuangalia afya ya diski, kisha dharura zilipwe kwa viwango vilivyokubaliwa mapema. Mkataba utaje saa za kufika. "Haraka iwezekanavyo" haina maana mahakamani wala ofisini; andika ndani ya saa nne za kazi kwa tatizo linalosimamisha huduma, siku mbili kwa printa moja.

Vipuri vinunuliwe na ofisi kwa risiti ya EFD, fundi aandike tu aina na vipimo. Kilichotolewa kwenye mashine kirudi mkononi mwako, hata kama kimeungua. RAM ya GB 8 kugeuka GB 4 mashine ikiwa kwa fundi si jambo geni, na dawa yake ni fomu ya ukurasa mmoja: namba ya mashine, RAM, diski na ukubwa wake, chaja, hali ya kioo, sahihi mbili wakati wa kutoka na mbili wakati wa kurudi. Kazi iwe na dhamana ya muda uliotajwa.

Ukimwajiri moja kwa moja, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umpe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Yaandike kwa ukamilifu, pamoja na kipindi cha matazamio. Katika kipindi hicho mdai vitu vitatu: orodha kamili ya vifaa, mchoro wa mtandao unaoonyesha kila swichi na kila kebo, na mpango wa nakala rudufu wenye nakala tatu za data muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Nakala ya diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta muda wote haitoshi, kwa kuwa kirusi cha kufunga mafaili kitaifunga pamoja na mashine yenyewe, na mwizi ataibeba pamoja nayo.

Na umheshimu. Mtu anayeitwa saa mbili usiku seva ikizima, halafu akadaiwa maelezo asubuhi kwa kuchelewa kufika, hatakaa. Mpe muda wa kusoma na kompyuta yake ya majaribio, kwa sababu fani hii hubadilika kila mwaka na fundi asiyejifunza anazeeka haraka.

Siku akiondoka

Ataondoka siku moja, hilo ni la kawaida. Makabidhiano yafanyike akiwa bado kazini, si baada ya kuaga. Akae na anayempokea wapite orodha ya vifaa chumba kwa chumba, wafungue kila ruta na swichi kwa nywila iliyo kwenye bahasha. Siku ya mwisho ianze na barua pepe ya taasisi, kwa kuwa kupitia hiyo ndipo nywila nyingine zote huweza kurejeshwa: badilisha nywila yake, hakiki namba ya simu iliyounganishwa. Zifuate ruta, kamera, seva, Wi-Fi. Futa akaunti yake ya usimamizi kwenye kila mashine, ondoa programu za kuingia kwa mbali na uhakikishe hazikubaki zimejificha kwenye orodha ya zinazowaka zenyewe. Halafu mwombe fundi mpya akurudishie faili moja la mwezi uliopita kutoka kwenye nakala rudufu, ukiwa umesimama pembeni yake, na ulifungue usome kilichomo.